Kisu na Tabasamu: Utata wa Miisho katika Filamu za Kutisha za Kidini Zihusuzo Watoto

Utangulizi

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 lilizuka huko Marekani na Uingereza kundi la filamu za kutisha ambazo kiini cha kitisho chake ni mtoto. Mtoto huyo huwa mzuri wa sura, mwenye adabu mbele ya wageni, tena aghalabu huwa wa jamaa zenye nafasi. Lakini wanaomlea huanza kumshuku kwamba ndani yake mna uovu ambao utabibu hauwezi kuueleza, na ambao dini peke yake ndiyo yenye msamiati wa kuutaja. Zilizo mashuhuri katika kundi hili ni "The Innocents" (1961), "Rosemary's Baby" (1968), "The Exorcist" (1973) na "The Omen" (1976). Kabla yazo ilitangulia "The Bad Seed" (1956), ambayo haikuwa ya kidini kwa maudhui lakini iliifungulia njia aina hii nzima.

Ni desturi kusemwa kwamba miisho ya filamu hizi ina utata. Kauli hiyo si ya uongo, ila imekuwa kama kawa lifunikalo vyakula vya namna mbalimbali: aliyelifunika hana haja tena ya kueleza kilichomo. Makala haya yanakusudia kulifunua kawa hilo. Hoja zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba neno "utata" limetumiwa kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Ya pili ni kwamba katika filamu hizi jambo linaloachwa gizani ni hali ya mtoto, ilhali tendo la mtu mzima huachwa peupe. Na mhakiki anayeshughulikia lile la kwanza peke yake amelipita lile ambalo kisa kimelisema waziwazi.

Fumbo, utata na mwisho wazi

Lugha ya Kiswahili inampa mhakiki zana nzuri kwa kazi hii. Fumbo lina mfumbaji, na mfumbaji ana jawabu. Anayefumbiwa hukisia, na jawabu likipatikana fumbo limekwisha, wala halina nguvu tena kwa yule aliyelifumbua. Utata ni jambo jingine. Neno lenyewe linatokana na nyuzi zilizotatana: ukivuta upande huu, fundo hukaza upande wa pili. Kazi yenye utata wa kweli huruhusu tafsiri mbili, kila moja ikiwa kamili, kila moja ikiupinga ukamilifu wa mwenziwe, na hakuna jawabu lililofichwa mfukoni mwa msanii. Aina ya tatu ni mwisho wazi. Hapo yaliyotokea yanajulikana yote. Lisilojulikana ni litakalofuata.

Mtazamaji atokaye katika jumba la sinema huku akiuliza maswali anaweza kuwa ameachiwa lolote katika haya matatu. Kazi ya kwanza ya mhakiki ni kumwonyesha ameachiwa lipi.

Mwisho uliofungwa kwa nguvu

Ili kuuelewa mwisho ulioachwa bila kufungwa, yafaa kwanza kuutazama uliofungwa kwa nguvu. Riwaya ya William March, "The Bad Seed", ilitoka mwaka 1954, na mwaka huo huo Maxwell Anderson akaitungia tamthilia. Humo Rhoda, msichana mdogo aliyeua zaidi ya mara moja, anapewa na mama yake dawa za usingizi ili afe, kisha mama anajiua. Mama anakufa kweli; mtoto anaokolewa na majirani, na hakuna mwingine ajuaye habari zake.

Mervyn LeRoy alipoigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu, alikabiliwa na Kanuni za Maadili zilizotawala sinema za Marekani kwa ukali tangu mwaka 1934 hadi zilipoachwa mwaka 1968. Kanuni hizo hazikuruhusu mhalifu aende zake bila adhabu. Kwa hiyo katika filamu mama ananusurika, na Rhoda anapigwa na radi gatini usiku wa mvua. Kisha waigizaji wanatokezwa mmoja mmoja na kujulishwa kwa watazamaji, na yule mama anamlaza mtoto magotini na kumchapa makofi kama kwamba yote yalikuwa mchezo.

Radi hiyo yafaa kuzingatiwa. Filamu isiyokuwa na neno la dini tangu mwanzo inamwita Mungu mwishoni aje kufanya kazi ya askari. Hukumu imetoka juu, hivyo hapana mtu mzima anayebeba lawama. Hata dawa alizozitoa mama kwa mkono wake zinasahaulika. Mwisho wa namna hii unamstarehesha mtazamaji kwa kumwondolea swali ambalo kisa kizima kilikuwa kikimwuliza: mtoto akiwa mwovu, ni nani mwenye haki ya kumtoa duniani?

Mikono ya dua

"The Innocents" ya Jack Clayton inatokana na kisa cha Henry James kilichotoka mwaka 1898, "The Turn of the Screw", kupitia tamthilia ya William Archibald. Bi Giddens, binti wa kasisi wa shamba, anaajiriwa kuwalea Miles na Flora katika jumba kubwa. Anaanza kuwaona marehemu wawili, Quint na Bi Jessel, na kuamini kwamba wafu hao wanawatawala watoto. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson alitoa hoja kwamba katika kisa cha James mizimu haipo ila katika akili ya mlezi mwenyewe, na tangu hapo ubishi haujakoma.

Clayton aliuchukua ubishi huo na kuufanya kuwa fani. Mara nyingi kamera hutuonyesha kwanza uso wa Bi Giddens uliojaa hofu, ndipo mzimu ukaonekana. Mtazamaji hana njia ya kuona isipokuwa kupitia kwake. Lakini katika chumba cha masomo, baada ya Bi Jessel kutoweka, chozi linabaki juu ya dawati, na Bi Giddens analigusa kwa kidole. Chozi hilo ni uzi unaovuta upande mmoja; uso ule ni uzi unaovuta upande wa pili. Huu ndio utata kwa maana yake halisi. Hapana onyesho hata moja linaloweza kuukata.

Filamu inaanza kwa mikono iliyofumbatana gizani ikiomba, na kwa mikono iyo hiyo inaisha. Katikati ya dua hizo mbili kuna jambo moja lisilo na shaka: Miles amekufa mikononi mwa mtu aliyekuwa akimlazimisha ataje jina la Quint ili aokoke. Iwe mizimu ilikuwako au haikuwako, mtoto amekufa. Mtazamaji anaweza kubishana usiku kucha juu ya mizimu, lakini maiti haibishaniwi.

Susu jeusi

Katika "Rosemary's Baby", iliyoelekezwa na Roman Polanski kutokana na riwaya ya Ira Levin ya mwaka 1967, mke kijana anashuku kwamba majirani zake wazee ni wafuasi wa Shetani na kwamba wanamtaka mtoto aliye tumboni mwake. Mimba inatungwa siku ambayo Papa Paulo wa Sita alizuru New York, Oktoba 1965. Baadaye, katika ofisi ya daktari, Rosemary anashika gazeti la "Time" la Aprili 1966, ambalo jalada lake liliuliza kama Mungu amekufa. Uovu wa kisa hiki umefungwa basi katika kalenda ya kweli.

Polanski ameeleza katika tawasifu yake ya mwaka 1984 kwamba, kwa vile yeye mwenyewe hakuwa na imani hiyo, alitaka kuacha mwanya ili yote yaweze kuwa ndoto za mwanamke mwenye mimba aliyezidiwa. Ni haki mhakiki kuuliza kama mwanya huo umebaki hadi mwisho. Mpaka karibu na tamati umebaki. Lakini katika onyesho la mwisho Rosemary anapita kabatini, anaingia katika nyumba ya jirani, na kuwakuta wote wakimshangilia Shetani mbele ya susu jeusi. Mwenye kushikilia kwamba ni ndoto lazima alifanye onyesho hili zima kuwa ndoto, na filamu haimpi alama yoyote ya kumsaidia. Polanski aliacha mwanya mwembamba mno: hakumwonyesha mtoto. Mtazamaji anauona uso wa mama tu, na kumsikia akiuliza habari ya macho ya mwanawe.

Kwa hiyo "Rosemary's Baby" ni fumbo ambalo limefumbuliwa, likafuatiwa na mwisho wazi. Swali linalobaki halihusu jambo lililokwisha kutokea, linahusu mama. Rosemary ameingia na kisu cha jikoni. Anapomwona mtoto, kisu kinaanguka na kusimama sakafuni. Jirani yake anakichomoa na kupangusa mahali kilipochoma mbao, kama mtu anayejali sakafu kuliko yote. Mtoto analia, na Rosemary anaanza kulitikisa susu. Ule wimbo wa kubembeleza uliotungwa na Krzysztof Komeda, uliosikika mwanzoni, unasikika tena. Wako wanaosema kwamba huku ni kushindwa kwa mama na ushindi wa Shetani. Wengine wanaona kwamba huruma ya mama ndiyo kitu pekee katika chumba kile ambacho Shetani hakukifanya. Kisa hakikati shauri. Kinasema tu kwamba kisu kilianguka.

Jambia na tabasamu

"The Omen" iliandikwa na David Seltzer na kuelekezwa na Richard Donner. Jina lake lingeweza kutafsiriwa kwa neno moja la Kiswahili cha zamani, "Ndege", kwa maana ile ya msafiri anayesema amekutana na ndege mbaya. Robert Thorn, mwanadiplomasia wa Kimarekani, anaambiwa hospitalini Rumi kwamba mwanawe amekufa wakati wa kuzaliwa. Ni tarehe 6 Juni, saa 12 asubuhi. Kasisi anamshawishi amchukue mtoto mwingine bila kumwambia mkewe, naye anakubali. Thorn anakuwa balozi London. Yaya anajinyonga mbele ya wageni katika sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto. Kasisi anayekuja kumwonya anachomwa na chuma kilichoanguka kutoka juu ya kanisa. Mkewe anaanguka mara mbili, mara ya pili akafa. Mpiga picha anayemsaidia kuchunguza anakatwa kichwa na kioo.

Donner alisema zaidi ya mara moja kwamba alitaka kila kifo kiweze kuelezwa kuwa ajali, na kwamba Thorn aweze kudhaniwa kuwa amerukwa na akili. Hoja hii hurudiwa sana, lakini haina budi kupimwa kwa ushahidi wa filamu yenyewe. Radi, upepo na kioo ni ajali, sawa. Lakini katika makaburi ya Cerveteri wanaume wawili wenye akili timamu wanafukua mifupa ya bweha mahali palipopaswa kuwa na mama wa Damien. Nayo alama ya 666 inaonekana chini ya nywele za mtoto, mbele ya macho ya mtazamaji. Aidha, yaya wa pili anapigania maisha ya Damien kwa namna isiyoweza kuelezwa na mshahara. Tafsiri ya wazimu inavunjika hapa. Nia ya msanii ni jambo la kusikilizwa kwa heshima, lakini haiwezi kuyafukia makaburi ambayo kazi yake imeyafukua.

Je, basi filamu hii haina utata? Unao, ila uko mahali pengine. Katika kaburi la pili la Cerveteri Thorn anaikuta mifupa ya mwanawe wa kuzaa, fuvu likiwa limepasuliwa. Hilo ndilo jambo la hakika kuliko yote aliyoyapata katika uchunguzi wake: watu wazima, kwa ajili ya imani yao, walimwua mtoto mchanga. Muda mfupi baadaye Bugenhagen, mzee wa Megido, anampa majambia saba na kumwambia afanye jambo ambalo kwa sura yake ya nje ni lile lile. Kwanza Thorn anayatupa. Baada ya kuiona alama anamburura mtoto hadi madhabahuni; mtoto anamsihi; jambia linainuliwa; askari anapiga risasi.

Mwisho unaofuata haukuwa ule uliokusudiwa kwanza. Damien naye alikuwa afe, na majeneza yawe matatu. Alan Ladd mdogo, aliyekuwa mkuu wa filamu katika shirika la Fox, ndiye aliyependekeza mtoto aachwe hai. Ndipo yakawa majeneza mawili, na mtoto akasimama kaburini kando ya Rais wa Marekani, akageuka, akaitazama kamera na kutabasamu. Inajulikana kwamba Donner alimkanya mtoto mwigizaji, Harvey Stephens, asithubutu kucheka, akijua kwamba kumkanya ndiko kutakakomchekesha. Hivyo tabasamu linalosemwa kuwa la Mpinga Kristo ni la mtoto wa kawaida aliyeshindwa kujizuia.

Habari hii si ya kupita tu. Inaonyesha kwamba ishara ya uovu na ishara ya utoto zaweza kuwa ishara moja, na kwamba msomaji wa ishara ndiye anayeongeza kilichosalia. Tena tabasamu hilo linamtega mtazamaji. Anayelichukia amejikuta akisikitika kwamba jambia halikushuka. Yaani filamu imemfikisha mtu mwema mahali pa kutamani kwamba mtoto wa miaka mitano angalichomwa kisu kanisani. Huo ndio utata wa "The Omen". Hali ya mtoto imefumbuliwa. Haki ya baba haijafumbuliwa.

Ibrahimu, Khidhri na baba asiyesemeshwa

Mtu aliyelelewa katika dini yoyote kati ya mbili kuu za Afrika Mashariki hawezi kuliona onyesho la madhabahu bila kumkumbuka Ibrahimu. Katika Mwanzo 22 na katika Surat as-Saffat baba anamlaza mwanawe ili amchinje, na sauti inayotoka juu inamzuia. Katika "The Omen" baba ameinua kisu, lakini sauti haikuja, imekuja risasi. Dola imechukua nafasi ya malaika, na tofauti ya mbeleko hizo mbili ni kwamba malaika aliwaokoa wote wawili.

Surat al-Kahf ina kisa kilicho karibu zaidi. Mja mwema, ambaye wafasiri humwita Khidhri, anamwua kijana, na Nabii Musa anamlaumu kwa kuua nafsi isiyo na hatia. Baadaye anaelezwa kwamba kijana yule angaliwaelemea wazazi wake waumini kwa uasi na ukafiri. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Lawama ya Musa haikuwa ya kipumbavu. Ndiyo lawama ambayo sheria inamtaka kila mtu aitoe. Naye Khidhri hakutenda kwa shauri lake mwenyewe, bali kwa elimu aliyopewa na Mola.

Thorn hana elimu hiyo. Alicho nacho ni vipande: picha zenye mistari, maneno ya kasisi mgonjwa, mzee aliye chini ya ardhi. Hata aya ya Ufunuo 13:18, ambayo filamu inamalizia kwayo, inamwita mwenye akili aihesabu namba ya mnyama. Inadai hekima na hesabu; haitaji kisu. Filamu ya kidini imemwacha mtu wa kidini bila wahyi, kisha ikamdai tendo ambalo katika vitabu halitendwi bila wahyi.

"The Exorcist" ya William Friedkin yatoa mfano wa kinyume. Humo uovu umemwingia mtoto lakini hauwi mtoto. Kasisi Karras anautaka umwingie yeye, kisha anajitupa dirishani. Wapo watazamaji walioelewa kwamba Shetani alishinda, jambo lililomsikitisha mwandishi William Peter Blatty, na toleo la mwaka 2000 likarudishiwa mazungumzo yenye matumaini mwishoni. Kwa vyovyote vile, mtu mzima aliyeukabili uovu alijiweka yeye mahali pa mtoto. Thorn alitaka kumweka mtoto mahali pa uovu.

Kigego na wasomaji wa ishara

Mambo haya si ya sinema peke yake. Kamusi za Kiswahili zimehifadhi neno "kigego", mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ambaye zamani alidhaniwa kuleta nuksi, na huko nyuma hata kutupwa au kuuawa. Jino la kigego na alama ya Damien ni ishara za jinsi moja: ziko mwilini mwa asiyejua kwamba anazo, na maana yake iko kwa wakubwa.

Imani hiyo haikufa pamoja na wazee. Tangu miaka ya 1990 ripoti kutoka Kinshasa zimeeleza habari za watoto waliofukuzwa makwao kwa shutuma za uchawi, wengine wakinyimwa chakula makanisani kwa kisingizio cha kuombewa. Mwishoni mwa mwaka 2010, katika London ile ile ya balozi Thorn, mvulana mmoja aliteswa hadi kufa na jamaa zake waliomwita mchawi. Waliohusika walihukumiwa mwaka 2012. Waliomtesa walikuwa na hakika. Hakika hiyo ndiyo ambayo mwisho uliofungwa huilea.

Hitimisho

Filamu zilizofuata zimeendelea kufunga milango. "Damien: Omen II" (1978) na "The Final Conflict" (1981) ziliondoa kila shaka kuhusu Damien, na kadiri shaka ilivyoondoka ndivyo kitisho kilivyopungua. "The First Omen" (2024) ilifanya jambo la busara zaidi: ilihamisha jicho kutoka kwa mtoto na kuwatazama watu wa kanisa waliopanga azaliwe, wakitumaini kwamba hofu itawarudisha watu katika imani. Hapo uovu umerudishwa kwa watu wazima.

Mhakiki wa filamu hizi, basi, anapofika mwishoni asiridhike kuuliza kama mtoto alikuwa mwovu kweli. Aulize kwanza kama ameachiwa fumbo, utata au mwisho wazi. Kisha atazame mikono: mikono ya Bi Giddens iliyomkumbatia maiti, mkono wa Rosemary uliokiacha kisu kikaanguka, mkono wa Thorn ulioinua jambia. Macho ya mtoto wa Rosemary hayakuonyeshwa, na tabasamu la Damien laweza kusomwa kwa njia mbili. Mikono ya walezi yote imeonyeshwa.